Petronila ajua liliko shada, hajui liliko kaburi

Saa tatu asubuhi, mtaa wa Nyakato mjini Musoma. Petronila Mugeta ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake, miguu ameinyoosha juani, na anahesabu kwa sauti utadhani kuna mtu anambishia. "Tano. Sita. Saba." Hapo mkono unasimama.

Ua analofuma linatakiwa kuwa na petali nane. Maua kumi na tisa yaliyolala kwenye ungo pembeni yake yana petali nane kila moja, na hata ukiyapima kwa rula hutapata la kusema. Hili la ishirini analifunga likiwa na saba, anakata uzi kwa meno, na pale ilipotakiwa kuwapo petali ya nane panabaki pengo kama la jino lililong'oka.

Jirani yake Recho, aliyefuata vitambaa vyake vya makochi, analiona. "Mama Happy, hili umelikosea," anasema.

Petronila hainui hata kichwa. "Sijakosea. Hiyo ndo alama yangu. Chukua vitambaa vyako, hiyo iache."

Recho anacheka kidogo, kisha anakumbuka, na kicheko kinaishia njiani. Nyakato yote inaijua habari ya petali saba. Hakuna aliyewahi kumsaidia kwa kuijua.

Petronila ana miaka 51. Kufuma alifundishwa na mtawa mmoja kigangoni, kijiji cha rasi alikozaliwa, na sindano anayotumia hadi leo, ile yenye ncha iliyopinda, aliachiwa na mtawa huyo. Hufuma vitambaa vya makochi, maua ya kupamba sebule, maua ya kubania nywele na mataji ya mahafali. Ua la nywele huliuza shilingi 1,500. Seti ya vitambaa vya makochi ni shilingi 60,000, baada ya wiki tatu za kuumiza shingo na macho.

Siku ambazo boti za vijijini zinashusha watu kwenye gati la Mwigobero, hutandika kanga karibu na wauza dagaa na kupanga maua yake juu yake. "Watu wanapitaga, wanashikashika, wanasema 'mama una mkono', halafu wananunua dagaa wanaenda," anasema. "Siwalaumu. Mtu ana watoto nyumbani, ataenda kuwapikia ua?"

Lakini kazi iliyompa jina si ya kuuza. Petronila hufuma mashada ya makaburini na kuyagawa bure.

Anayejua misiba ya huku anajua saa ya kuweka mashada inavyokuwa. Udongo ukishasawazishwa, msemaji hushika kipaza sauti na kuita: watoto wa marehemu, wajukuu, wakwe, upande wa baba, upande wa mama, wafanyakazi wenzake. Kila kundi hupita na shada lake mbele ya kadamnasi. Asiye na shada hupita mikono mitupu, na macho yote humsindikiza kwenda na kurudi. Wapo wanaojificha nyuma ya turubai ili wasiitwe.

Kwa watu wa namna hiyo Petronila alikuwa hachagui saa. Mvuvi akizama na mwili ukapatikana, shada lilitoka kwake. Mtoto mchanga wa mama mpangaji, shada lilitoka kwake. Kwa hesabu yake mwenyewe ameshatoa zaidi ya mia na arobaini tangu mwaka 2012, na kila moja humla uzi wa karibu shilingi 12,000. Parokia ilimpa cheti. Cheti kiko ukutani, kimewekewa fremu, na chini yake hana hata kochi la kutandika vitambaa anavyofuma.

Machi mwaka 2021 zamu ikawa yake.

Binti yake wa pekee, Happyness, alikuwa kidato cha tatu na alikuwa na ugonjwa wa seli mundu tangu utotoni. Alifariki siku ya Jumanne akiwa na miaka kumi na saba. Petronila alimzaa na mwanaume wa upande wa Butiama ambaye hakuwahi kupeleka hata ng'ombe mmoja wa mahari kwao. Basi ndugu wa mwanaume walipopigiwa simu walijibu kwamba mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe si wao, wala hawezi kulala kwenye ardhi yao. Kaka zake Petronila kule rasini nao wakasema mtoto huzikwa kwao kwa baba yake.

Mtu anaweza kudhani haya ni maneno ya hasira yanayopoa. Hayakupoa. Kwa siku mbili binti alilala chumba cha maiti wakati watu wazima, wenye rozari mifukoni, wakirushiana mwili wake kwa simu. Mwisho alizikwa makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua.

"Mimi mwenyewe nilisema, zika hapa, nimechoka," anasimulia Petronila. "Mtoto alikuwaga mpole, hakuwahi kumkosea mtu. Wanamkataa kama deni."

Siku hizo mbili alifanya jambo ambalo wanawake waliojaa kwenye mkeka hawajalisahau. Alichukua sweta la shule la Happyness, la kijani, akatafuta mshono wa pembeni, akalifumua lote. Kwa uzi ule akafuma majani. Kwa sufu ya zambarau na nyeupe aliyokuwa akiitunza kwa kazi ya harusi akafuma maua ishirini. Shangazi yake alimkemea mbele za watu kwamba nguo za marehemu haziguswi kabla ya kuanua tanga. Wengine walinong'ona kwamba mama gani huyu, wenzake wanalia yeye anafuma.

"Nilikuwa nalia," anasema. "Nilikuwa nalia na mikono inaenda. Ndo maana nikapoteza hesabu."

Ua moja lilitoka na petali saba. Aliliona kosa usiku wa kuamkia mazishi lakini hakuwa na nguvu ya kulifumua, akalishona hivyo hivyo katikati ya shada, akalifunga kwenye ringi ya waya aliyoizungushia kitambaa.

Makaburini msemaji akaita upande wa mama, wakapita wachache. Akaita upande wa baba. Hakuna aliyepita. Akaita tena, kwa sababu msemaji alikuwa mgeni na hakuambiwa. Petronila akainuka peke yake na shada lake la zambarau, akaliweka juu ya udongo kwa niaba ya ukoo mzima uliokaa nyumbani Butiama.

Msalaba ulikuwa wa mbao laini. Mvua mbili na mchwa vikaumaliza. Fedha ya saruji haikupatikana. Kila ikikaribia kupatikana, kodi ya chumba iliifikia kwanza. Kilichobaki kuonyesha mahali alipolala Happyness ni shada. Mashada ya plastiki ya makaburi ya jirani yalipauka ndani ya miezi michache yakawa na rangi ya maziwa yaliyochacha, ila lile la sufu halikupauka. Kila alipokwenda aliliona kutoka getini, akalifuata moja kwa moja.

Uzuri huo ndio uliomponza. Tarehe 2 Novemba mwaka 2023, siku ya kuwaombea marehemu, alifika na ndoo ya maji na jembe. Shada halikuwapo. Yalikuwapo matuta mawili yaliyokaribiana, yote yamebonyea, yote yameota nyasi, na yote hayana jina.

Alimwita Kasmiri, mzee anayechimba makaburi pale, akimtegemea yeye atakumbuka. Kasmiri alizunguka, akasimama, akazunguka tena. "Ni kati ya haya mawili, mama. Hapo sikudanganyi. Lipi, hapo sasa ndo nitakudanganya."

Petronila anasema siku ile hakulia. Alimwagia maji matuta yote mawili, akapalilia yote mawili, akarudi nyumbani. "Sasa nilie wapi? Nipige magoti kwa huyu, kumbe ni baba wa watu? Nalia kwa mtu simjui, mtoto wangu yuko pembeni ananiangalia?"

Shangazi yake hakukosa la kusema. Alimkumbusha lile sweta.

Januari iliyofuata alikwenda Bunda kupeleka vitambaa vya mteja. Karibu na stendi kuna kibanda cha mfanyabiashara aitwaye Dotto, anayeuza mapambo ya harusi upande mmoja na vifaa vya mazishi upande wa pili. Petronila alikuwa akipita tu. Aliona zambarau. Akaona kijani cha sweta la shule. Akasogea, akaweka kidole katikati ya shada, akahesabu mpaka saba.

"Nikahesabu tena," anasema. "Nilimwambia yule kijana, hii nimefuma mimi, hii ni ya mtoto wangu."

Dotto, ambaye amekubali kuzungumza kwa makala haya, hana la kuficha. "Mimi naletewaga mzigo na wachuuzi, siulizi umetoka wapi. Yule mama alivyohesabu ile ua nikajua hadanganyi. Sema ilikuwa imeshauzwa. Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale."

Mwenyewe alikuwa mzee anayeitwa Stanislausi, mwenye koti zito na kofia mkononi. Mkewe alikuwa amefariki hospitalini Bunda alfajiri ile, na gari la kumpeleka nyumbani lilikuwa linangoja. Alipoelezwa, mzee yule hakubisha. Alilitazama shada, akamtazama Petronila, akasema, "Mama, kama ni la mwanao lichukue. Ila mimi mke wangu naenda kumuweka bila kitu."

Petronila akamuuliza anazika wapi. Mzee akataja kijiji kimoja cha upande wa Butiama. Ni cha pili kutoka kile cha ndugu wa baba yake Happyness.

Hapa wasomaji wangependa kusikia kwamba huruma ilimshika. Walioisikia habari hii Nyakato husema hivyo, padri aliisema hivyo kwenye mahubiri, na wanawake wa jumuiya humshika mkono na kumwita mtakatifu. Petronila huvuta mkono wake.

"Sikuwa mwema mimi," anasema. "Nilitaka kumnyang'anya yule mzee. Wallahi nilishika ile shada nikavuta. Halafu nikawaza, nikishalichukua nalipeleka wapi? Kaburi lenyewe silijui. Nikaachia. Hiyo ndo huruma yangu wanayoihubiri."

Shada likapanda gari pamoja na jeneza. Kesho yake, kwenye ardhi ile ile ya Butiama ambayo Happyness alikataliwa kulala, uzi wa sweta lake ukawekwa kwa heshima, watu wakiimba, na hakuna aliyeuliza habari ya ng'ombe.

Tangu hapo kazi ya Petronila imebadilika kwa namna ambayo ni mfumaji tu anayeweza kuiona. Mashada ya bure hafumi tena kwa sufu. Anafuma kwa uzi mwepesi wa pamba, na anaulegeza kwa makusudi. Mvua za msimu mmoja zinalipausha shada, za pili zinalivunja. Mwizi akilitazama anaona halina bei, analiacha. Katikati anaweka ua la petali saba, ili likiibiwa ajue ni lake. Mwaka jana aliona moja likiuzwa mjini Musoma. Muuzaji alimtukana, Petronila akaondoka.

"Sista alinifundisha miaka mitatu kufuma vizuri," anasema huku akivuta uzi uliolegea. "Sasa uzeeni najifundisha kufuma vibaya. Na ninaweza, si unaona? Nimekuwa fundi wa vitu vibaya."

Anaposema hivyo hacheki. Mashada hayo mabovu bado yanachukuliwa, na waliofiwa bado wanamshukuru. Novemba iliyopita alifuma mawili ya kwake mwenyewe, akaweka moja kwenye kila tuta. Mpaka Januari yote mawili yalikuwa yameoza sawasawa.

Saa sita inakaribia. Maua ishirini yako kwenye ungo, shada la leo ni la kibarua mmoja aliyeanguka kwenye jengo, hana ndugu Musoma. Petronila anakung'uta mabaki ya uzi kwenye gauni na kuingia ndani, anarudi na mfuko mdogo wa nailoni. Ndani yake kuna kibonge cha uzi wa kijani kinachotosha kiganja kimoja. Ndicho kilichobaki cha sweta.

Anaweka akiba ya nauli. Mwaka huu, tarehe 2 Novemba, hatakwenda makaburi ya mjini kwanza. Atakwenda Butiama, kwenye kijiji kile cha pili, aulize kwa mzee Stanislausi, aombe aonyeshwe alipolala mkewe. Kibonge cha kijani atakichukua pamoja na sindano, aongezee jani kama kuna lililolegea.

Anaulizwa kama atalirudisha shada nyumbani.

"Hapana. Pale lina mwenyewe." Anakunja mfuko wa nailoni mara mbili na kuuweka kifuani, ndani ya blauzi. "Nitakaa chini pale kwa mke wa watu, nihesabu zile petali. Zikifika saba, nitalia. Miaka yote hii sijapata mahali pa kumlilia."