Jina la Manang Dawes Ubaoni

Wewe ungesubiri robo saa kwa ajili ya jani la saladi, na njaa imekukaba? Usijibu kwa haraka. Pale Cubao, ndani ya Jiji la Quezon, ubavuni mwa Manila, watu walilijibu swali hilo kwa miguu yao kwa karibu miaka miwili, na aliyesimama mlangoni akiwatazama wanavyoondoka alikuwa Teodulfo Magbanua.

Dulfo alikuwa meneja wa tawi la Hatake, duka la baga lililokuja kutoka Japani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na mgongo uliomtangulia kuzeeka. Kabla ya hapo alizipikia baga kampuni tatu za kigeni, na zote tatu alizizika mwenyewe: yeye ndiye aliyebaki mwisho kuzima majiko na kushusha kibao. Wenzake walimtania kwamba kampuni ikitaka kujua siku yake ya kufa, imwajiri Dulfo.

Ila Hatake aliipenda, na hapo ndipo alipojiponza. Wale wa kwanza walimletea nyama iliyogandishwa ngumu kama tofali na vitunguu vilivyokatwa katika nchi asiyoijua. Hatake walisema hapa hakigandishwi kitu. Nyama isagwe asubuhi, mkate uokwe mtaa wa pili, baga isiwekwe jikoni mpaka mteja aagize, na saladi itoke kwa mkulima mwenye jina, jina lenyewe liandikwe kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Pasipo jina, hakuna baga siku hiyo. Baba yake Dulfo alilima mpunga maisha yake yote kule mkoani Antique, na hakuna aliyeula wali wake akauliza aliulima nani. Siku ya kwanza mbele ya ubao ule, Dulfo alilisoma jina mara tatu.

Jina lililoandikwa lilikuwa Manang Dawes, wa Atok, huko juu kabisa milimani Benguet ambako mboga za Manila zinatoka. Manang ni dada mkubwa, na Dulfo alimwita hivyo hata kwenye simu, naye akamwita mdogo wangu.

Sheria ilikuwa nzuri. Lakini ilitungwa Osaka, na Osaka haijui barabara za milima ya kisiwa chetu cha Luzon kimbunga kikishapita. Kifusi kikishuka, lori halishuki. Ubao ukabaki mtupu, duka likauza viazi na chai. Na hata siku ambazo jina lilikuwepo, wateja hawakuwa wapole.

"Kaka, huyo ng'ombe mmeshamkamata au bado mnamfukuza?"

"Inaiva sasa hivi, bosi wangu."

"Na wali?"

"Wali hatuna."

"Hamna wali! Sasa hiki ni chakula au ni cha kushikilia tumbo nikienda kula?"

Dulfo aliwaomba wakubwa waruhusu wali, akawaomba tena. Walimjibu kwa heshima kubwa kwamba watalitafakari. Hadi mwaka unageuka walikuwa bado wanalitafakari. Ndivyo walivyo hawa wanaotoka mbali kuja kutulisha: wanataka ukweli wa shamba, mradi shamba lisiwe na mvua, na mlaji asiwe na mazoea yake.

Januari ikaja na baridi huko milimani, umande ukaganda mashambani ukawa jalidi. Bwana Kuramochi, msimamizi wa matawi ya nje, akapiga simu kutoka Osaka kwamba anakuja kuangalia. Alikuwa mtu mstaarabu, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba tawi likikosa baga siku moja zaidi, hataweza kulitetea. Wafanyakazi walikuwa kumi na wanane. Dulfo akampigia Manang Dawes, akamweleza yote, akamwomba asimwangushe.

"Huko baridi ikoje, Manang?"

"Ya kawaida tu, mdogo wangu."

"Nasikia jalidi imeunguza mashamba."

"Ya watu wengine."

"Na lako?"

Kimya kidogo. "Mzigo utakuja. Usihangaike."

Kule kwao, mtu akishakuomba kwa unyonge, kumwambia hapana ni kumfungia mlango usoni. Dulfo alilijua hilo, kwa sababu na yeye alilelewa hivyo hivyo. Alisikia ule ukimya, akauacha upite.

Mzigo ulifika mchana, siku moja kabla ya mgeni. Manang Dawes alikuwa akituma saladi zake na majani ya nje yote, yenye udongo, yalinde moyo wa ndani. Hizi zilikuwa zimemenywa mpaka zikabaki ngumi. Charing, mpishi mkuu, mwanamke asiyejua kunong'ona, alishika moja akaigeuza.

"Kaka Dulfo, hizi zimenyolewa."

"Nimeona."

"Sokoni ndiko wanakozinyoa, kuficha palipoungua."

"Charing, nimeona."

"Haya. Ubaoni tunaandika nani leo? Mama Soko?"

Dulfo akatoka nje na simu.

"Manang, mzigo umefika."

"Umefika salama?"

"Salama."

Angeweza kuuliza hapo hapo. Neno moja tu. Lakini kumuuliza ni kumvua nguo mtu aliyekwenda kununua mboga za wengine kwa ajili yako, na kuumbuka kwake kungekuwa kuumbuka kwako pia, maana wewe ndiwe uliyemsukuma.

"Ni nzuri?" akauliza yule mwanamke, kwa sauti ndogo.

"Asante sana, Manang."

Simu ikakatika.

Jioni ile Dulfo alichukua chaki. Hakutaka kungoja asubuhi, alijijua kwamba angeghairi. Charing alisimama nyuma yake na kitambaa begani.

"Unaandika kweli?"

"Una watoto wangapi?"

"Watatu. Unawajua."

"Basi nipishe niandike."

Charing akampisha. Safari hii hakuwa na utani. Dulfo aliandika jina taratibu, kwa herufi nzuri kuliko siku zote, kisha akaketi juu ya kreti tupu, mikono imelegea magotini. Hakujisikia mwovu. Alijisikia amechoka tu, na hilo lilimtisha zaidi.

Asubuhi iliyofuata Bwana Kuramochi alifika kabla duka halijafunguliwa. Alisimama mbele ya ubao, akalisoma jina polepole, akainua kamera kulipiga picha. Dulfo alikuwa kando yake, tabasamu limemkauka.

Upande wa pili wa barabara, kwenye kituo cha mabasi ya Baguio, yale yanayoshuka kutoka milima ya Benguet, basi lilikuwa limeshusha abiria. Mwanamke mmoja akavuka, sweta nzito mwilini katika joto la Manila, mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake mlionekana saladi mbili tatu, nyeusi kama zimepitiwa na moto. Dulfo alikuwa amemwona mara moja tu maishani, lakini alimjua.

"Manang."

"Ile asante yako, mdogo wangu," alisema Manang Dawes, "ungenitukana ningelala."

Hakumtazama Mjapani. Akauweka mfuko chini, akavuta mkono wa sweta mpaka ukafunika kiganja, akalifuta jina lake, kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza, akisugua mpaka ubao ukawa mweusi na mkono wa sweta mweupe.

Kuramochi akashusha kamera. Kupitia kioo, Charing na wenzake walikuwa wameacha kukata nyanya.

Hakuna aliyemwambia Dulfo la kufanya. Aliufikia mlango, akakishika kile kibao kidogo kilichoning'inia kwenye kioo, akakigeuza kisomeke upande wa barabarani: Tumefunga. Kisha akamletea Manang Dawes kiti.