Valvu ya Tiara ya Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa pancha. Kibanda changu kiko kando ya barabara ya kwenda Ilongero, na karibu kila kinachojazwa upepo hapa kwetu kimepita mikononi mwangu: baiskeli, bodaboda, toroli la kubebea maji, hata mpira wa shule. Tyubu haijawahi kuniogopesha. Ikinishinda, mwenyewe atasukuma pikipiki yake hadi mjini akinitukana njia nzima, basi. Lakini siku mdogo wangu wa kike alipoitandaza tiara yake uani kwa mama, niliogopa.

Alikuwa amerudi kutoka Unguja, alikofanya kazi jikoni katika hoteli ya ufukweni. Huko wageni hufunga tiara kubwa kiunoni, wakasimama juu ya ubao, upepo ukawaburuza majini. Naye akajifunza, Mungu anajua kwa nini. Mwalimu mmoja wa mchezo huo alipoondoka alimwachia tiara kuukuu, naye mdogo wangu akaipandisha basi mpaka Singida, kwa sababu Singida kuna upepo na kuna Ziwa Singidani. Hapo sikuwa na la kubisha. Upepo wetu wa kiangazi unang'oa mabati. Tatizo ni kwamba sisi ni watu wa mtama na ng'ombe, maji tunayajua ya kwenye ndoo. Hata yeye huko pwani alijifunza kuelea tu, na alilisema hilo kama jambo dogo.

"Shikamoo kaka. Valvu inavuja hapa kwenye shina. Nizibie, upepo ukitulia kidogo naingia."

Mbele ya tiara kuna bomba nene la kitambaa, na ndani yake tyubu. Ikijaa na kuwa ngumu, hata tiara ikianguka majini inaelea, na mtu anaishikilia. Ikilegea, anabaki na kitambaa kilicholowa na kamba zinazomzunguka miguu. Alinieleza hayo huku anatafuna karanga.

Mama alinifuata kibandani. Alinisemesha Kinyaturu cha chini chini, kama afanyavyo asipotaka wapita njia wasikie. Alitaka nimwambie binti yake kwamba kitu hicho hakitengenezeki. Mimi ndiye fundi, nikisema kimekufa ataamini.

Nililifikiria kweli. Lakini namjua mdogo wangu, sikio la kufa halisikii dawa. Angeziba mwenyewe kwa gundi yoyote ya dukani, na hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Tyubu iliyochanika haimzamishi mtu, maana haijai, atabaki nchi kavu. Ya kuogopa ni iliyozibwa nusunusu, inayokaa ngumu ufukweni halafu ikaanza kulegea katikati ya ziwa.

Basi nikaziba, na nikaziba kama ninavyoziba kila siku. Nilikwangua kwa msasa, nikapaka solusheni, gundi yetu ya pancha, nikabandika kiraka cha tyubu ya baiskeli, nikajaza upepo, nikapaka mate kwenye shina la valvu. Mate yakivimba povu, panavuja. Hayakuvimba. Nikamwambia njoo uchukue.

Alipoanza kuikunja, ukingo wa kiraka ukainuka. Nikauvuta kwa kucha, kikatoka kizima, kikavu, kama ganda la kitunguu. Tyubu ile ni plastiki, si mpira, na solusheni haiishiki plastiki. Kiraka kilikuwa kimekaa tu hapo. Nusura aondoke nayo vilevile.

Nikaenda kwa jirani yangu fundi viatu kuomba gundi anayobandikia soli za raba. Nikakata kiraka kwenye ncha ya tyubu yenyewe, sehemu ya ziada nje ya mshono, plastiki kwa plastiki, nikasafisha kwa spiriti, nikabandika, nikakandamiza kwa tofali mchana kutwa. Mate sikuyaamini tena. Nikaijaza upepo na kuizamisha valvu kwenye beseni, nikakodoa macho hadi yakauma. Maji yalikuwa yanacheza. Ilinichukua muda kutambua kwamba yanachezeshwa na mikono yangu, na kwamba hakuna povu lolote lililopanda.

Siku aliyoingia, mimi na mama tulisimama kwenye mawe. Tiara ilipanda, ikamvuta, akaenda kasi mpaka akawa mdogo. Halafu tiara ikaanguka. Nilisubiri iinuke, haikuinuka. Kichwa chake sikukiona.

Mitumbwi ilikuwa imepandishwa nchi kavu. Nilimwamkia mzee mmoja mvuvi nikamsihi.

"Marahaba. Upepo huu siingii, mwanangu. Zunguka ng'ambo. Kilichoanguka humu upepo unakitoa kule."

Hakusema kikiwa katika hali gani. Nilikimbia ufukweni, tope la chumvi likining'ang'ania miguu, na njia nzima nilikuwa narudia kazi yangu: spiriti nilipaka, gundi niliiacha ikakauka, ukingo niliukandamiza. Niliukandamiza pande zote? Sikuweza kukumbuka, na nilijisikia nikilia kwa sauti, mtu mzima.

Nilimkuta ng'ambo ametambaa nje, magoti yamechunika, amelikumbatia lile bomba. Nilishika valvu kabla sijamshika yeye. Hapakuwa na povu pembeni yake, na bomba lilikuwa gumu kama nilivyoliacha.

"Kamba zilijisokota, kaka," alisema, meno yakigongana. "Imenibeba mpaka hapa. Haikulegea hata kidogo."

Mama akafika anahema, nguo zimejaa tope. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuzifumua kamba, anautazama upepo, anauliza kama kesho utavuma hivihivi.

Mama akanigeukia mimi.

"Kwa hiyo umeitengeneza vizuri?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini palepale kwenye tope, akaanza kulia.