Viatu vya Kusikilizia Redio

Mzee wa Kanda, kama mtaa ulivyozoea kumwita, hushinda pekupeku nyumbani mwake, lakini hasikilizi mchezo wa redio mpaka avae viatu. Huvipiga brashi, hukaza kamba, ndipo atie kanda kwenye redio yake. Kabati limejaa kanda za michezo ya zamani, na hata akienda msibani hakosi kuuliza, "Hakuna kanda za zamani hapa kwenu?" Jirani yake, mwalimu wa chekechea, alidhani ni mambo ya uzee tu. Jumamosi moja alimpelekea kanda aliyoikuta kwenye sanduku la marehemu baba yake. Mzee akaipuliza vumbi, akavaa viatu, akabonyeza. Hadithi yenyewe hakuwa na habari nayo. Ziliposikika hatua za mwanamume kwenye changarawe, miguu yake nayo ikaanza kwenda sakafuni, sawasawa na redio, bila kupishana hata kidogo.

"Kumbe uliigiza, Mzee?"

"Maneno ni ya mwingine. Miguu ndiyo yangu. Nilikuwa nakanyaga karai la changarawe pale studio, yeye yuko mbele kwenye maikrofoni, amenipa mgongo."

"Yeye nani?"

Mzee akainua kidole kumwashiria mwalimu asikilize. Hatua zilikuwa zimefika mlangoni. Sauti ya mwanamke, changa na tulivu, ikasema, "Ingia, mlango uko wazi. Nimekungoja sana."

Miguu ya Mzee ikasimama.

"Kazi yangu ilikuwa inaishia hapo," alisema. Akairudisha kanda nyuma, akaanza tena hatua zake kutoka mbali.