Aliyekata Kipande cha Mazoezi

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa ukiwa tayari na mwingine bado. Kinyozi alipokea simu, akasikiliza, akazima mashine na kukaa kwenye benchi la wateja. Akaniambia kwamba DJ wetu wa hapa mtaani Shanwe, aliyekuwa akiugua kwa muda, amefariki. Kisha akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, nami nikamfuata, maana nilijua anakumbuka nini. Kwa wasiomfahamu marehemu, nieleze kwamba hakuwa DJ wa kupiga muziki. Alikuwa na banda la video lenye mabenchi ya mbao, jenereta na kipaza sauti, na kazi yake ilikuwa kututafsiria filamu za nje zikiwa zinaendelea, sauti zote akiigiza yeye: ya binti, ya jambazi, ya mama mkwe na hata ya mbwa. Nimehuzunika kweli, ingawa safu ya leo haitaonyesha hivyo.

Kiingereza chake, tusifichane, kilikuwa cha kukisia. Filamu alizozipenda ni zile za mapenzi na dansi, hasa za salsa, ambazo mnazijua hata kama hamjaziona, kwa sababu zote ni moja. Kijana maskini aliyeacha vifungo vya shati wazi anaingia ukumbini. Binti wa watu yuko kule na mchumba tajiri asiyejua kucheza. Wanatazamana, mkono unanyooshwa, na ukumbi mzima unasogea pembeni kama watu walioona nyoka, ili wawili hao wazungushane. Hakuna anayetoka jasho, hakuna anayekanyagwa, na muziki unapokwisha wameshapendana kufa na kuoza. Katika tafsiri ya marehemu, kijana yule alikuwa ametokea kijijini Mwese kwa pikipiki, ndiyo maana viatu vyake vina vumbi, na yule tajiri alikuwa mtu wa Dar. Baba wa binti, ambaye nadhani kwenye filamu alikuwa akizungumzia mambo ya chuo, kwetu sisi aliuliza ng'ombe wangapi. Banda zima lilikuwa likimjibu, kila benchi na bei yake.

Ila kulikuwa na kipande kimoja ambacho hatukuwahi kukiona. Katikati ya filamu hizo huwa kuna sehemu ya mazoezi: wale wawili wanafundishana, wanaanguka, wananuniana, wanaanza upya. Pale watu hawazungumzi, ni muziki tu, na mtafsiri asiye na la kutafsiri anabaki kuwa mlinzi wa jenereta. Watazamaji nao walikuwa wakianza kurushiana maganda ya karanga. Basi yeye alipeleka mbele kipande chote na kuziba pengo kwa sentensi yake mwenyewe, ambayo mji mzima uliikariri: “Wakapendana, na miguu ikajua yenyewe.” Tuliimeza kama ilivyo. Kwenye sherehe zetu nikawa naona watu wakiacha uwanja wazi bwana na bibi harusi wafungue muziki, wote tukisubiri miguu ijue. Haikujua. Maharusi waliyumba kulia na kushoto mpaka MC akawaonea huruma, nasi tukapiga makofi kwa adabu.

Mzaha huo ulifika pabaya kwa binti mmoja fundi cherehani, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Alikuwa ameposwa na fundi pikipiki wa kijiji cha Litapunga, kijana mpole, mtu wa kusema kidogo na kunawa mikono mara nyingi. Mahari ilikuwa imeshaingia zizini na kadi za send-off zimeshasambazwa. Siku chache kabla ya sherehe, wachumba hao walijaribu kucheza uani kwa shangazi yake binti, kwa wimbo wa salsa kutoka kwenye simu. Kijana alimkanyaga mpaka ukucha ukainuka. Wakarudia, akampiga kiwiko. Binti akasimama, akamtazama sana, akafikia hitimisho alilofundishwa bandani tangu utotoni: huyu hanipendi. Akaingia ndani na kumwambia shangazi kwamba sherehe isimamishwe. Baba yake alipopata habari aliomba kiti, akakaa, akauliza kama kweli ng'ombe watembezwe kurudi Litapunga kwa sababu ya ukucha. Shangazi, mama mwenye akili, akamshika mpwa wake mkono na kumpeleka kwa aliyeyaanzisha. Nilikuwapo bandani siku hiyo, kwa shughuli za uandishi, na naomba nisiulizwe zaidi.

“Anko,” binti alimwambia, “si ulisema watu wakipendana miguu inajua yenyewe? Ya kwetu haikujua. Sasa baba nimwambie nini?”

Mtu aliyekuwa na sauti ya kila mtu alikosa ya kwake. Angeweza kumwambia kwamba filamu ni uongo mtupu, lakini nani anabomoa banda lake kwa mikono yake? Alichofanya ni kuwaomba waje wote wawili Jumapili baada ya misa. Shangazi hakukaa kimya, kwa hiyo Jumapili banda lilijaa hadi mlangoni. Filamu ikaanza, kijana wa Mwese akafika na vumbi lake, na ilipofika pale panaporukwa, tuliona DJ ameshika rimoti asiibonyeze. Kwa mara ya kwanza tukayaona mazoezi. Kijana alijikwaa. Binti alivua kiatu akamtupia. Walihesabu kwa midomo kama watoto wa chekechea, wakaloa jasho, wakagombana, wakarudia. Hakuna aliyerusha ganda. Mwishowe marehemu alisogeza kipaza sauti, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya mhusika yeyote: “Hapa ndipo nilipokuwa nawadanganya, jamani. Miguu haikujua. Waliifundisha.”

Kisha kutoka benchi la nyuma yule fundi pikipiki, ambaye wengi hatukuwahi kumsikia akizungumza, akasema taratibu, “Bosi, rudisha nyuma kidogo, hapo kwenye mguu wa kushoto.” Banda lilipasuka kwa kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mwenye ukucha. Sherehe ikafanyika. Ng'ombe wakabaki walipo.

Mimi salsa yenyewe nilikuja kuiona baadaye, Dar, nilikokwenda kwa semina. Hakuna aliyesogea pembeni kumpisha mwingine, tulibanana tu. Kila wimbo watu walibadilishana, halafu kila mmoja akaondoka na aliyekuja naye. Mwanamume aliyegombewa zaidi alikuwa na kitambi na taulo begani. Mama mmoja alinivuta, nami nikamtazama machoni kama nilivyofunzwa Shanwe, akaniambia niache kumkodolea macho, nihesabu. Hapo nilimwelewa marehemu kuliko siku zote. Kosa lake ni letu. Tunaonyeshana picha za harusi, hatuonyeshani vikao vya kununiana. Kijana anataka kuwa fundi baada ya wiki moja ya kushika spana. Hata safu hii mnaisoma bila kuona karatasi nilizochana.

Msibani nilikwenda na kichwa changu chenye pande mbili, maana kinyozi hakuwa na moyo wa kumalizia. Wale wawili wa ukucha walikuwapo. Mume alikuwa akipanga viti, mke akipakua wali, na watoto wao wakikimbizana nyuma ya turubai. Nilimuuliza mke kwa sauti ya chini kama hatimaye mwenzake anajua kucheza. Alimtazama kwa mbali, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

“Mpaka leo ananikanyaga,” alisema. “Ila siku hizi najua anakokuja, nausogeza mguu.”

Basi msomaji wangu, ukiwa kwenye sherehe Jumamosi hii na mwenzako akakukanyaga, mwache baba yako na ng'ombe wake. Mwambie tu mpiga muziki arudie wimbo.