Upande wa Kushoto wa Benchi

Hebu mwone anavyoingia: mama mfupi, mnene kidogo, raketi begani, chupa za maji kwapani, taulo shingoni. Anausukuma mlango kwa nyonga huku akisema, "Hodi jamani, mikono imekwisha!" Huyo ndiye kocha msaidizi wa timu ya skwoshi ya wasichana wa chuo kikuu. Wachezaji humwita Shangazi. Nyuma yake anafuata mumewe, mikono mitupu, filimbi tu mfukoni. Huyo ndiye kocha mkuu.

Nyumbani mzee huyu ni mkimya. Muulize kama chai imekolea sukari, atakujibu kwa kichwa. Uwanjani, weee! Maneno humtoka kama mtama uliopasua gunia. Na Shangazi naye si haba. Zamani, mchezaji akitoka kupumzika kati ya seti, wote wawili walimvamia: huyu "piga mbele," yule "piga nyuma," binti wa watu akarudi ndani kachanganyikiwa kuliko alivyotoka. Ndipo wakaweka sheria ya mdomo mmoja. Ukikaa kulia kwa benchi, anasema Kocha. Ukikaa kushoto, anasema Shangazi.

Mazoezini kushoto kulijaa. Lakini siku ya mechi kubwa nani angethubutu kumruka kocha mkuu? Shangazi akabaki wa maji na taulo. Hilo lisingemuuma sana, ila mumewe alikuwa anastaafu muhula ule, na ofisa michezo hakuwa ameamua ampe timu mama huyu au alete mtu wa nje. "Nimemwona akibeba chupa," alisema. "Akifundisha, bado."

Ikafika fainali. Timu zililingana, ikabaki mechi moja, ya binti waliyemwita Twiga kwa urefu wake. Akapoteza seti ya kwanza, akakaa kulia. Kocha akamwambia akimbie zaidi. Akakimbia, akapoteza ya pili. Alipotoka safari hii alisimama kidogo, akahema, kisha akaketi kushoto.

"Sasa sikiliza, mwanangu," Kocha akaanza kwa mazoea.

"Baba watoto," Shangazi akasema bila kugeuka, "benchi limeshasema."

Wasichana wakaangua kicheko. Mzee akajiziba mdomo kwa taulo.

"Mwenzio anaugusagusa tu mpira ili upoe," Shangazi akamwambia Twiga. "Mpira wetu ukipoa hauruki, na wewe na miguu yako hiyo unainama mpaka kiuno kinalia. Upige kwa nguvu ukutani, urudi nyuma kabisa, tena na tena. Ukipata moto utaruka, utakufuata ulipo."

"Na pointi, Shangazi?"

"Za mwanzo mwachie. Wewe pika mpira."

Twiga akapika. Pointi za mwanzo zilikwenda kweli, na ofisa kule nyuma ya ukuta wa kioo akatikisa kichwa. Kisha mpira ukaanza kudunda juu, Twiga akawa anaupiga amesimama wima, na mwenzake ndiye akawa wa kukimbia. Seti ya tatu yake. Ya nne yake. Akatoka, akakaa kushoto.

Shangazi akamtupia jicho mumewe. Ilikuwa pumziko la mwisho la mechi yake ya mwisho. Mzee ameshika magoti, midomo inacheza bila sauti. Neno "Malizia wewe, Kocha" lilimfika Shangazi mdomoni. Akamwona pia ofisa ameinama mbele, anatazama. Akalimeza neno lile.

"Pumua," akamwambia Twiga. "Usibadilishe kitu."

Kocha akamshikia binti chupa ya maji.

Wakashinda, kwa tabu lakini wakashinda. Ofisa akaja akampa Shangazi mkono. "Timu ni yako, mama. Hata sina la kuuliza."

Wakati wa kwenda nyumbani mzee ndiye aliyebeba raketi zote. "Hongera, kocha mkuu," alimwambia mkewe, na furaha yake haikuwa ya kuigiza. Walipokaribia kona akaongeza, "Ila lile pumziko la mwisho ungeniachia."

"Ungemwambia nini?"

"Sijui. Lakini ningesema!"

Wakacheka mpaka raketi zikamponyoka begani. Shangazi analala usingizi mzuri, msimwonee huruma. Lakini ninyi mlio na wake na waume, hebu niambieni: mngekuwa kwenye lile benchi, mngemwachia?