Chawa wa sehemu za siri walitaka kunipa talaka, salfa ya mikorosho ikaniokoa

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo nimeshawaitikia kabisa.

Mimi humu ni msomaji. Nasoma, nacheka, nalala. Leo naandika mwenyewe, na ninachoandika kimenipata mimi. Najua humu mtu akiumwa huko chini huwa anayeumwa ni "rafiki yangu". Mimi sina rafiki wa kumsingizia.

Ni mama mtu mzima, naishi Nambambo, Nachingwea. Nalima korosho, ufuta na mihogo ya kula.

Mume wangu tumwite Baba Rama. Ana mashine ya kupulizia salfa, ile ya kubeba mgongoni. Mikorosho ikianza kutoa maua watu wanamgombania kuanzia huku kwetu mpaka Ruangwa. Msimu wa kupulizia ukiisha anatengeneza mashine za wenzake na pikipiki, kwa hiyo safari za kwenda Ruangwa mjini kufuata spea haziishi.

Ana wake wawili. Mimi ndiye mkubwa. Mdogo tumwite Somoe, yuko Mandawa, upande wa Ruangwa. Zamu zinakwenda sawa, wiki huku, wiki kule. Kwa hilo sina la kumsema.

Ila mimi na Somoe tulikuwa hatuongei. Hatujawahi kugombana, hatujawahi kutukanana, basi tu hatuongei. Namba yake sikuwa nayo, na yangu hakuwa nayo. Habari zote za nyumba mbili zilikuwa zinapita kwenye mdomo wa mtu mmoja.

Hilo likumbukeni, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Sasa twende.

Mwaka jana, wakati wa kuokota korosho, nikaanza kuwashwa. Siyo muwasho wa kujikuna mara moja ukaisha. Ni ule wa kukufanya uinuke katikati ya watu uende nyuma ya nyumba kama umesahau kitu.

Mwanzo nikajua ni jasho. Nikabadilisha sabuni. Nikafua kila kitu. Wapi.

Siku moja mchana nikajifungia chumbani, nikafungua dirisha mwanga uingie, nikakaa na kioo. Wakuu, nikaona kadoa ka kahawia kwenye shina la unywele. Nikakabandua na kucha. Kakatembea.

Nilikaa pale chini nikakaangalia. Siyo kama chawa wa kichwani tunaowajua, warefu warefu. Huyu ni mfupi, bapa, ana miguu kama kaa wa pwani, na ameshika unywele kama anadai urithi. Pembeni kuna vijiyai vimegandishwa kwenye nywele, ukipangusa havitoki.

Mtaniuliza, dada wewe ni Muislamu, usafi wa huko si desturi? Ni desturi, na nilikuwa nafanya. Lakini msimu wa korosho mtu unaamka na giza unarudi na giza, mengine yanasogezwa mbele. Na baadaye nilikuja kujua kwamba kunyoa kunasaidia ila hakumalizi kazi. Mume wangu ni mtu wa nywele, ana ndevu, ana kifua, ana mapaja. Hao wadudu wanakaa popote penye nywele ngumu za mwili. Mimi nikinyoa, yeye ni msitu.

Baba Rama aliporudi zamu yangu nikamwambia. Nilimwambia kwa upole kabisa, nikitegemea tutafute dawa.

Akasema, "Hata mimi nawashwa. Nilikuwa nangoja nione kama utasema."

Nikamwambia basi twende hospitali, tumchukue na Somoe.

Akasema, "Somoe nimeshamuuliza. Somoe mzima, hana kitu. Kwa hiyo Mama Rama, hawa wadudu wameingilia nyumba hii. Na mimi humu siwezi kuwa nimewaleta."

Nilielewa anachosema. Miaka yote ile ya ndoa, sijawahi hata kupokea soda ya mwanaume barabarani, leo naambiwa nina bwana.

Nikalia. Nikaapa. Hakupiga kelele, Baba Rama siyo mtu wa kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. Akasema mwezi wa kumi na mbili mtoto wa dada yake anatoka jando kule Nanganga, kaka yangu amealikwa, basi shughuli ikiisha atakaa naye wazungumze "namna ya kunirudisha".

Mtu akirudishwa kwao kwa jambo kama hilo, hata anayekukaribisha chai anakaribisha huku anakutazama. Nina binti anayekaribia kuolewa. Nilikuwa nalifikiria hilo kuliko hata muwasho.

Kabla hajaondoka akanipa ushauri wa tiba. "Paka salfa. Ile inaua kila kitu."

Wakuu wa mikoa mingine, salfa ni ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho isishikwe na ubwiri unga. Ni dawa ya ukungu wa mti. Lakini huku kwetu salfa imekuwa jibu la maswali yote. Mbwa ana upele, salfa. Kuku wana utitiri, salfa. Nyoka wanazungukazunguka nyumba, mwaga salfa mlangoni. Kwa hiyo nami, mtu mzima na akili zangu, nikachota salfa iliyobaki stoo, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikapaka.

Sitaelezea sana. Itoshe kusema siku ile niliokota korosho kwa kusimama, kuchuchumaa sikuweza.

Iliungua, ikababuka, na chawa wakabaki. Na harufu yake haitoki, unaoga, unafukiza udi, inarudi. Kama uko kusini unasoma hapa na kopo liko mkononi, tafadhali rudisha kopo.

Jirani yangu nilipomgusia kwa mbali kuhusu "wadudu", akanijibu bila kupepesa macho kwamba wameletwa na ng'ombe wa hawa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Siku hizi huku hata mvua ikichelewa ni ng'ombe. Nikataka kuamini, maana ningepata wa kumlaumu. Lakini mimi na ng'ombe tulikutana wapi?

Basi mwezi wa kumi na mbili ukafika. Kidonda changu kilikuwa kimeshapona, muwasho ulikuwa bado upo. Tukaenda Nanganga.

Kwa ukoo wa mume wangu kuna desturi moja. Kwenye shughuli, wake wa ndugu mnakaa mkeka mmoja kuchambua mchele. Na wake wenza ndiyo kabisa, mnapewa ungo mmoja, ili watu waone kama nyumba zenu zinapatana. Mkikataa, maneno yatawafuata mpaka shughuli ijayo.

Kwa hiyo nikawekwa goti kwa goti na Somoe, ungo katikati. Salamu tu, kisha mikono kazini.

Haukupita muda, wifi yangu mkubwa akapita na sufuria, akasimama, akanusa.

"Jamani, nani kapulizia nkorosho humu jikoni? Ntu ananuka salfa Desemba hii!"

Wanawake wakacheka. Mimi nikajinusa kwa siri. Siyo mimi. Mimi nilishaacha kupaka zamani.

Nikamtazama Somoe. Kichwa chini, macho kwenye mchele. Na ndipo nikaona anavyokaa, amejiegemeza upande mmoja, kila dakika anabadilisha. Mkao ule nilikuwa naujua vizuri.

Msimu wa kupulizia uliisha zamani, wakuu. Korosho zenyewe zilikuwa zimeshaokotwa. Mtu ananuka salfa kwa kazi gani?

Nikangoja wenzetu wakaenda kuteka maji.

"Somoe."

"Abee dada."

"Hiyo salfa umepaka wapi?"

Mkono ukasimama kwenye mchele. "Nilikuwa nasafisha stoo, dada."

"Kusafisha stoo hakumfanyi mtu akae upande."

Machozi yakaanza kumshuka. Binti wa watu, mdogo kwangu kwa mbali sana. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada nakuomba usinitangaze. Mimi sina mwanaume, naapa. Baba Rama kasema kakuuliza wewe, kasema wewe mzima. Kwa hiyo ni mimi nimeleta. Shughuli ikiisha ananirudisha kwetu."

Nilisikia raha kwanza, niseme ukweli. Mwili wote ukawa mwepesi. Halafu hasira ikanipanda kutoka miguuni.

Nikamwambia, "Mimi kaniambia wewe ndiye mzima."

Akainua macho. Tukatazamana. Sijui nani alianza, ila tulijikuta tunacheka, yeye analia na kucheka pamoja, mchele unamwagika. Wifi akarudi akasema mbele za watu, "Mmeona? Wake wenza wanaopatana."

Nikamwita Baba Rama pembeni, pale alipoegesha pikipiki. Somoe akaja akasimama nyuma yangu.

"Tunakwenda zahanati. Watatu."

"Mama Rama, kuna wageni."

"Wageni wana chakula. Twende, au kikao chako na kaka yangu nakifungua mimi, na Somoe ndiye shahidi."

Akamtazama Somoe, naye Somoe, asiyewahi kumwinulia macho, akamtazama vilevile. Baba Rama akatoa funguo mfukoni.

Tulipanda mishikaki, yeye mbele, Somoe katikati, mimi nyuma. Watu njiani wakatupungia wakidhani ni mahaba. Kwa hali ya mwenzangu, kila shimo la barabara tulilihesabu kwa vilio.

Zahanati tulimkuta nesi mama mtu mzima, mpole. Hakushangaa, hakucheka. Akatupima mmoja mmoja, kisha akatukalisha pamoja.

Akasema hawa ni chawa wa sehemu za siri. Hawaruki, hawapai, wanatambaa tu, kwa hiyo karibu kila mara wanahama mwili kwa mwili watu wanapolala pamoja. Kwa shuka, taulo au nguo ya ndani mliyochangia inawezekana, ila ni kwa nadra, maana wakitoka mwilini hawamalizi siku mbili wanakufa. Choo siyo. Ng'ombe siyo, wanaishi kwa damu ya binadamu tu. Nikamkumbuka jirani yangu.

Kuhusu salfa alishika kichwa. Somoe akaambiwa kidonda kipone kwanza, kisha wote tupake dawa ya hospitali siku moja, turudie baada ya wiki kwa ajili ya mayai, na mpaka hapo kila mtu alale kivyake. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani, yapigwe pasi. Akatupima na magonjwa mengine ya zinaa pamoja na virusi, maana alisema chawa hawa mara nyingine hawasafiri peke yao. Tulikuwa salama, alhamdulillah.

Kisha akauliza swali moja, bila ukali, huku akipanga dawa mezani.

"Mkipona ninyi na kuna mwingine hajapona, watarudi. Yupo mwingine?"

Mimi nikasema hapana. Somoe akasema hapana.

Baba Rama akawa anatazama dirisha.

Nesi wala hakumharakisha.

Mwisho akasema, "Yupo mmoja. Ruangwa mjini. Pale ninapochukulia spea."

Nilidhani ningepiga kelele. Sikupiga. Nilichoona mbele yangu ni mwanamke mwingine amejifungia mahali na kioo, analia, anaambiwa nyumba zote ziko salama ila yake.

Nikamwambia nesi, "Ongeza ya nne. Atampelekea mwenyewe."

Nesi akasema dawa ataitoa, ila huyo mama naye aende akapimwe. Baba Rama akaitikia kama mtoto wa madrasa.

Jioni kaka yangu alikuwa ameshakula, amekaa anangoja. Akamuuliza, "Shemeji, uliniambia una neno na mimi."

Baba Rama akanitazama. Mimi nikawa nakunja mkeka.

"Nilitaka tu ule pilau na sisi, shemeji."

Wakuu, ndoa bado ipo. Siwadanganyi kwamba nimesahau. Kuna siku namtazama anakula nasikia uchungu mpaka naondoka mezani. Aliniomba msamaha, nami nimemwambia nausikia, bado haujafika.

Ila chawa waliisha, na nilichojifunza ni kwamba wale wadudu hawakuwa na nguvu yoyote. Walikuwa wanaishi kwa aibu zetu. Kila mmoja alikuwa anajitibu peke yake, anarudishiwa, anajiona yeye ndiye mchafu. Tungekuwa tunaongea mimi na Somoe, wasingemaliza hata zamu mbili.

Sasa namba yake ninayo. Baba Rama akiwasha pikipiki hapa kwangu, Mandawa wanajua saa hiyo hiyo. Na akisema anapitia spea, tunajua wote wawili.

Uzi huo. Waliowahi kupaka salfa jitokezeni, sitamcheka mtu. Wataalamu wa afya nirekebisheni nilipokosea.

Na wewe unayetaka kuandika kwamba chawa wako walitoka kwenye blanketi la gesti, karibu sana mkuu. Ila njoo na mkeo.