Muuguzi Aliyebisha Hodi Tumboni

Muuguzi wa wodi yetu ni pande la mtu lenye sauti ya kifaranga. Mimba yangu ilipofika miezi minne, ovari yangu moja ilitolewa kwa sababu ya saratani. Sasa nina miezi sita, na kila baada ya wiki tatu yeye ndiye hunitundikia dripu ya dawa kali. Kwanza husugua viganja mpaka vipate joto, kisha hugonga tumbo langu kwa kidole kimoja. "Hodi, bwana mdogo! Dawa ni ya mama, wewe usidandie." Haachi kupiga soga hata anapotafuta mshipa. Jana aliweka kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto, tukasikiliza. Kimya. Akakisogeza kushoto. Kimya. Naye akanyamaza, na hapo ndipo nikaogopa kweli.

"Kaka, sema basi chochote," nikamwomba.

Akakishusha chini ya kitovu, na mapigo yakatoka mbiombio kama cherehani. Akajibwaga kitandani, juu ya mkate wangu wa siagi, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Mtundu huyu," alisema, "atanipa presha." Kisha akaendelea na mzunguko wake, siagi makalioni, nasi kina mama wa wodi nzima tukaziba midomo kwa mashuka.